Shida za utotoni humkomaza mtoto, au humwachia ufa?

Mtoto wa darasa la tatu katika kata ya Rangwi, kaskazini mwa Wilaya ya Lushoto, anaweza kuwa ameshafanya kazi ya mtu mzima kabla kengele ya shule haijalia. Ameteremka bondeni kuchota maji, amepanda nayo mlima kichwani, ameokota kuni njiani, na ukungu wa Julai bado umefunika mashamba ya kabichi na viazi. Mwambie mzazi wake kwamba mzigo huo ni mkubwa kwa umri wake, utapewa jibu ambalo wengi wetu tumelelewa nalo: mwache azoee, dunia ngumu.

Jibu hilo halikutoka hewani. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na mzazi wa milimani anajua kuwa maisha hayatamwonea huruma mwanawe. Ndani ya jibu hilo kuna imani kwamba shida ya utotoni ni kama chanjo. Mtoto akiionja mapema, kubwa likija halitamwangusha. Sisi kina baba tunaipenda sana hoja hii, na tunaitumia kutetea mambo mengi, kuanzia ndoo ya maji hadi fimbo.

Je, ni kweli? Mtoto aliyekulia shida husimama imara zaidi siku maafa yanapoifikia nyumba yao?

Kwa watu wa Usambara swali hili si la darasani. Miteremko ni mikali, imelimwa karibu hadi vileleni, na mvua za masika zikikolea udongo hulegea, mawe na tope vikaangukia barabara ya Mombo hadi Lushoto. Ng'ambo kwa majirani zao wa Upare, Novemba 2009 ardhi iliporomoka katika kijiji cha Goha, Wilaya ya Same, na kuua watu zaidi ya 20. Desemba 3, 2023 tope na mawe kutoka Mlima Hanang vilishuka hadi mji wa Katesh, na waliokufa walizidi 80. Lushoto yenyewe iliishi na tauni tangu 1980 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wagonjwa walipita 7,000 na vifo vilizidi 600, watoto na wanawake wakiguswa zaidi. Wengi wa wazazi wa leo katika vijiji vile walikuwa watoto wakati huo.

Walichokiona watafiti Chile

Si rahisi kuipima imani hii kisayansi, kwa sababu maafa hayatoi taarifa. Kwa kawaida watafiti hufika baada ya tukio na kuwauliza watu walivyokuwa zamani, na mtu aliyeumia hukumbuka ya nyuma kwa jicho la maumivu ya sasa.

Nchini Chile ilitokea bahati, kama ni sawa kuiita hivyo. Mwaka 2003 watafiti waliwahoji watu kuhusu afya ya akili na misukosuko waliyowahi kupitia. Februari 27, 2010 nchi hiyo ikapigwa na tetemeko la ukubwa wa 8.8, na mwaka 2011 watu wale wale wakahojiwa tena. Watafiti wakapata watu 1,160 ambao kabla ya tetemeko hawakuwahi kuugua sonona wala ugonjwa wa kiwewe, yaani ile hali ya tukio la kutisha kuendelea kumrudia mtu katika ndoto na mawazo muda mrefu baada ya kupita.

Baada ya tetemeko, asilimia 9.1 walikutwa na ugonjwa wa kiwewe na asilimia 14.4 walikutwa na sonona. Hoja ya chanjo ingekuwa sahihi, waliokuwa wamepitia mengi, kama kufiwa, kuugua sana, kupoteza kazi au kuvunjika kwa ndoa, wangekuwa ndio walioumia kidogo. Ikawa kinyume. Kadiri misukosuko ya nyuma ilivyokuwa mingi, ndivyo uwezekano wa kuugua ulivyopanda, na hali ilikuwa mbaya zaidi kwa waliokuwa na minne au zaidi. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2020, nao haukuona dalili kwamba shida za awali ziliwakinga watu.

Misukosuko ya Chile haikuwa ya utotoni peke yake. Kwa utoto hasa, kuna utafiti mkubwa uliofanyika San Diego, Marekani, kati ya 1995 na 1997, uliohusisha watu wazima zaidi ya 17,000. Waliulizwa kama walipokuwa watoto walipigwa, walidhalilishwa kingono, walishuhudia mama akipigwa, au waliishi na mlevi au mgonjwa wa akili. Waliotaja mambo manne au zaidi walikuwa na sonona zaidi, ulevi zaidi, na hata magonjwa ya moyo zaidi. Moyo, mzazi, ule unaopimwa hospitalini, si ule wa nyimbo za mapenzi.

Sababu iko katika mwili wenyewe. Mtoto anapoogopa, ubongo hupiga king'ora. Homoni za adrenalini na kotisoli humwagwa kwenye damu, moyo huenda mbio, misuli hukaza. Hatari ikipita na mtu mzima akamshika, king'ora huzimwa na mwili hupumzika. Lakini katika nyumba ambamo hatari haina saa, baba anarudi amelewa leo, kesho hakuna chakula, keshokutwa ni kipigo kisicho na sababu, king'ora hakizimwi. Mwili unaokua hujipanga kuishi hivyo: usingizi wa mang'amung'amu, hasira za ghafla, akili inayotazama mlango badala ya ubao. Tope likishuka kutoka mlimani linamkuta mtoto huyu ameshachoka.

Mbona fulani alitoboa?

Nikifika hapa, daima kuna msomaji ananisimamisha. Mbona mimi nilichapwa, nikalala njaa, na leo nina nyumba na familia? Kila kijiji kina mtu wa namna hiyo, na huwa ndiye anayepewa kipaza sauti kwenye mahafali ya shule. Wale waliopita njia hiyo hiyo wakaishia kwenye gongo, au kwenye ndoa za vipigo, au walioacha shule darasa la tano, hawaalikwi kuhutubia. Tunahesabu waliofika tu.

Hata hivyo asichukuliwe kuwa mwongo, kwa maana upande wake nao una ushahidi. Mwaka 2010 Mark Seery na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti wa watu zaidi ya 2,000 waliofuatiliwa kwa miaka kadhaa. Waliopitia mabaya mengi walikuwa na hali mbaya, kama ilivyotegemewa. Kilichoshangaza ni kwamba wale ambao hawakuwahi kupitia baya lolote nao hawakuwa na hali nzuri kuliko wote. Walioonekana wazima zaidi ni waliokuwa na machache.

Kuna pia majaribio ya Karen Parker na wenzake, yaliyochapishwa 2004, juu ya kima wadogo wa Amerika Kusini. (Mbega wetu wa msitu wa Magamba hawakuhusishwa.) Vitoto vya kima vilitenganishwa na mama zao saa moja tu kwa wiki, kwa wiki 10. Baadaye vikapelekwa mahali pageni pamoja na mama zao, na vikaonekana kuwa na hofu ndogo kuliko vitoto ambavyo havikuwahi kutenganishwa. Kwa hiyo chanjo ipo kweli. Lakini itazame dozi yake: saa moja, kisha kurudi kifuani kwa mama. Hakuna nesi anayechanja kwa kumpa mtoto surua yenyewe.

Anayesubiri nyumbani

Utafiti ninaoupenda zaidi katika jambo hili ulifanyika katika kisiwa cha Kauai, Hawaii. Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955, tangu tumboni hadi utu uzima wao. Baadhi walizaliwa katika umaskini na nyumba zenye ugomvi, ulevi au ugonjwa wa akili wa mzazi. Wengi wa hao walipata matatizo. Karibu theluthi moja, hata hivyo, walikua wakawa watu wazima wenye kujiamini, wanaofanya kazi na kutunza familia zao.

Werner alitafuta walichokuwa nacho hao, na majibu yake yangeeleweka bila mkalimani Rangwi. Walikuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyewapenda na ambaye hakuyumba. Mara nyingi hakuwa mzazi bali bibi, shangazi, dada mkubwa, mwalimu, au mtu wa kanisani. Tena wengi wao walikuwa na majukumu nyumbani, mfano kulea wadogo zao, majukumu ambayo watu waliyategemea kweli.

Kwa hiyo sitamwambia mzazi wa Rangwi apokonye ndoo kichwani mwa mwanawe. Mtoto anayechota maji kwa ndoo inayolingana na umbo lake, akiongozana na wenzake, akajua mama anayasubiri maji hayo ili uji uive, akasema "nimeleta" na akaambiwa "ahsante mwanangu, kaa ule", huyo anajifunza kwamba mlima una mwisho na kwamba yeye anaweza. Ndoo hiyo hiyo ikimfanya afike shule saa nne, achapwe kwa kuchelewa, arudi nyumbani atukanwe kwa sababu maji yamemwagika, inamfundisha kwamba lolote afanyalo, kipigo kipo. Njia ni ile ile na uzito ule ule. Kinachotofautiana ni nani yupo mwisho wa safari.

Na tusidanganyane kuhusu fimbo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto nchini Tanzania ulionyesha kuwa karibu robo tatu ya vijana, wasichana kwa wavulana, walipata kipigo kikali kabla ya kufikisha miaka 18. Karibu wasichana watatu katika kila kumi, na mvulana mmoja katika kila saba, walipitia ukatili wa kingono. Kama shida zingekuwa zinachanja, taifa hili lingekuwa na watu wasioumia kabisa.

Baada ya tope

Tuseme mvua imepita na nyumba ya jirani imekwenda nayo. Wazazi wengi humtazama mtoto, wakamwona halii, wakashukuru. "Huyu ni mgumu, amezoea shida." Hapa ndipo imani ya chanjo inapoleta madhara makubwa zaidi, kwa sababu inamfanya mtu mzima aondoe macho.

Mtoto mkimya anaweza kuwa yuko sawa. Anaweza pia kuwa amejifunza zamani kwamba kulia hakumleti mtu. Wa chini ya miaka mitano atang'ang'ania nguo ya mama, atarudia maneno ya kitoto, hatakubali kulala peke yake. Wa shule ya msingi ataumwa tumbo na kichwa kila asubuhi, atacheza mchezo ule ule wa kufukia na kufukua, atashtuka bati likipigwa na mvua. Kijana wa sekondari ataonekana mkorofi au hajali, ataanza kutoroka, au ataonja pombe. Wengi wao, dalili hizi hupungua zenyewe ndani ya wiki chache kama maisha yanarudi kwenye mstari.

Kukojoa kitandani kunastahili aya yake, maana ndiko kunakoleta fimbo haraka. Mtoto wa miaka minane aliyekuwa ameshaacha, akianza tena baada ya msiba, hafanyi makusudi wala hajawa mvivu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2013 unasema wazi: asiadhibiwe, mzazi aelezwe kuwa hali hiyo huja na hofu, na mtoto asifiwe asubuhi anazoamka mkavu. Aende chooni kabla ya kulala. Tandiko lianikwe bila matangazo, wadogo zake wasiimbishwe nyimbo za kikojozi. Ikiendelea kwa wiki kadhaa, au ikiwa anasikia maumivu wakati wa kukojoa, apimwe mkojo, kwa kuwa ugonjwa wa njia ya mkojo nao upo.

Kuna jambo jingine tunalifanya kwa nia njema kabisa. Wazazi wakifa, matanga yakiisha, ukoo hukaa kikao na kugawana watoto: mkubwa kwa baba mdogo Korogwe, wa kati kwa shangazi Tanga, mdogo abaki na bibi. Kwa hesabu ya chakula ni busara, na sina haki ya kumlaumu bibi ambaye hawezi kulisha watatu. Lakini kwa mtoto aliyepoteza mama Jumatatu, kupoteza kaka na dada, shule, rafiki na kilima anachokijua siku arobaini baadaye ni maporomoko ya pili. Kama kuna namna yoyote, wakae pamoja, hata kwa muhula mmoja, ndugu wa mjini wakatuma fedha badala ya kuja na begi. Ikishindikana kabisa, wapewe njia ya kuongea kwa simu, na waambiwe lini wataonana.

Waambiwe pia ukweli kuhusu waliokufa. "Mama amesafiri" ni uongo wa huruma, lakini mtoto atakaa mlangoni akisubiri, na siku atakapoujua ukweli kwa watoto wenzake hatakuamini tena. Mwambie mama amekufa, kwamba hatarudi, kwamba si kosa lake. Hilo la mwisho lirudie, kwa maana watoto wengi hudhani walisababisha. Apelekwe mazishini kama anataka, akiwa ameshikwa mkono na mtu mmoja ambaye kazi yake siku hiyo ni hiyo tu.

Usimlazimishe kusimulia. Wageni wanaofika na kamera au na daftari wakimtaka mtoto aeleze alichokiona, mzazi una haki ya kukataa. Akitaka kusema mwenyewe, sikiliza hadi mwisho bila kumkatiza na "jikaze". Mrudishe shuleni mapema, hata kama sare imepotea, na mwalimu aambiwe yaliyompata, ili akisinzia darasani asichapwe. Acheze. Na usiende duka la dawa kumnunulia vidonge vya usingizi. Mwongozo ule ule unakataza dawa jamii ya valiamu kwa watoto walio katika mshtuko wa mwezi wa kwanza.

Mzazi naye ajitazame. Mama asiyelala, asiyekula, anayelia kila siku mwezi wa pili, au baba aliyehamia kilabuni tangu siku ile, hawezi kuwa yule mtu mmoja asiyeyumba. Kumtibu yeye ni sehemu ya kumtibu mtoto.

Wapi pa kwenda

Kama mwezi umepita na mtoto bado anaota ndoto za tukio, anakwepa kila kinachomkumbusha, hali, hachezi, ameporomoka shuleni, au ametamka kwamba heri angekufa naye, usisubiri tena. Hilo la mwisho halihitaji hata mwezi. Nenda siku hiyo hiyo. Anzia zahanati au kituo cha afya, uombe rufaa ya Hospitali ya Wilaya Lushoto, na ikibidi Bombo, Tanga. Afisa ustawi wa jamii anahusika pia, hasa kwa mtoto asiye na mlezi. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto hupigwa bure.

Tiba yenyewe kwa sehemu kubwa ni mazungumzo, na si lazima yafanywe na daktari bingwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, watoto yatima 640 wa Moshi na wa Bungoma, Kenya, wenye umri kati ya miaka 7 na 13, waligawanywa. Wengine walipata huduma za kawaida, na wengine walikaa katika vikundi na washauri wa kawaida wa kijijini na mjini waliofunzwa kazi hiyo. Walifundishwa kutuliza mwili na kutaja hisia zao, kisha kidogo kidogo wakasimulia kifo kilichowapata, huku walezi wao nao wakifundishwa upande wao. Mwisho wa vikao, tiba hiyo iliishinda huduma ya kawaida katika maeneo matatu kati ya manne. Vijijini Moshi haikuonyesha tofauti, na hilo linafaa kukumbukwa na yeyote anayedhani kikao kimoja cha ushauri kinamaliza kazi.

Milima ya Usambara ina historia yake katika jambo hili. Lutindi, upande wa Korogwe, ilianzishwa miaka ya 1890 na wamisionari wa Kijerumani kuwa makao ya watoto waliokombolewa kutoka utumwani. Mwanzoni mwa karne ya 20 ikageuzwa hospitali ya wagonjwa wa akili, na inaendelea na kazi hiyo. Anayeona aibu kupeleka mtoto "hospitali ya vichaa" ajue jengo hilo lilianza kwa ajili ya watoto walioona makubwa.

Ukifika kwenye chumba cha mganga, usiseme tu "mtoto hali" au "tumbo linamsumbua", maana utapewa dawa ya minyoo urudi nyumbani. Taja tarehe ya tukio, alichokiona kwa macho yake, nani amekufa, analala saa ngapi, ameacha kufanya nini alichokuwa akikipenda, na sasa anaishi na nani.